Kwa Boniphace Magesa: Ile Safari Ilikuwa ya Nani?

Mwaka umetimia, Baba, tangu mchana ule pale Butiama uliposema unajinyoosha kidogo wakati ugali unasongwa. Ulijinyoosha kwenye kitanda cha ndani ya Kosta, kibasi chenu, miwani machoni, na ugali ukapoa. Umetuachia kaburi safi, watu wengi wa kukusifu, na Mama aliyechanganyikiwa.

Tuanze na sifa, maana ulikuwa unazipenda. Miaka thelathini na moja ulikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba kule Bunda, ukirudi nyumbani na nyuzi nyeupe masikioni. Kiwanda kilipofungwa bila hata asante, ulicheka siku mbili, ya tatu ukaanza kutengeneza baiskeli za watu barazani. Uji wa ulezi ulitaka uwe wa kuunguza ulimi. Na hakuna gari lililosimama karibu yako ukaacha kulipiga teke la tairi kulikagua upepo, hata la padre.

Halafu uzeeni ukaondoka na mkeo mkaenda kuishi ndani ya gari.

Wasiokujua wasishangae sana. Ulinunua Kosta kuukuu, na rafiki yako Muharami, fundi wa kuchomelea pale Musoma, akang'oa viti vyote, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la vyombo. Nyumba yenu ya Bweri, hapo hapo Musoma, mkampangisha nesi mmoja. Mkatoka Agosti: Mwanza, Singida, Dodoma, Iringa, Songea, mpaka Mtwara, halafu mkapanda na pwani kurudi mpaka Butiama, uani kwa dada yako. Miezi kumi na moja. Majirani walisema sisi watoto tumewafukuza. Tulijibu kwamba ni kweli tumewafukuza, ila kila Jumapili wanapiga simu kuuliza kama tumekula.

Mwezi uliopita Mama aliamua Kosta iuzwe. Ilikuwa imekaa karibu mwaka mzima uani Butiama, kuku wameshaanza kutaga chini ya usukani. Akamwita Muharami aje aikague kabla mnunuzi wa Bunda hajafika. Muharami akaingia, akagongagonga vyuma vyake mwenyewe, akatoka anafuta macho.

"Shemeji," alisema, "huyu mtu alikupenda. Kila akija gereji ananiambia, 'Muharami, mimi nyumba yangu ya Bweri inanitosha. Mgongo huu utalalaje kwenye bati? Lakini Mama Fredi ana hamu na hii kitu, nifanyeje?'"

Mama alikuwa ameshika bakuli la mahindi ya kuku. Akaliweka chini taratibu.

"Nani ana hamu?"

"Wewe, shemeji."

"Mimi Consolata?"

"Si ndiyo wewe uliingia kwenye lile gari la watalii pale sheli ya Bunda ukakataa kutoka?"

Hapo shangazi Wankyo, dada yako, aliyekuwa anachambua dagaa, akaacha dagaa.

Mama anaikumbuka siku hiyo vizuri. Wale wazungu wawili wazee walikuwa wanaelekea Serengeti, wanalala humo humo garini, wakamkaribisha aone. Naye akaingia, na ni kweli alikaa. Lakini Baba, yule ni fundi cherehani! Alikuwa anaangalia mapazia. Yalikuwa yameshonwa upindo wa mara mbili, pembe zimekunjwa kwa namna ambayo hajawahi kuiona, akawa anafuata mshono kwa macho ili akajaribu nyumbani. Kuhusu kuishi humo, aliwaza kitu kimoja tu: watu wazima hawa, hawana kwao?

Wewe ulisimama nje, ukamtazama robo saa nzima, ukajijibu mwenyewe: anaitaka.

"Sasa mimi," Mama akamwambia Muharami, "siku aliyoileta nyumbani, imepakwa rangi, yeye amevaa shati la kanisani siku ya Jumatano, anacheka peke yake, nikasema moyoni, mzee wa watu amehangaika na pamba ya wengine maisha yote, leo ana kitu anakitaka. Nitamkataliaje? Nikasema, haya, twende."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anataka?"

"Mimi nilikuwaga nataka kitanda changu!"

Shangazi Wankyo alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi! Mmezunguka nchi nzima kwa adabu! Mpaka Mtwara! Adabu tu!"

"Acha, wifi."

"Siachi. Mngeongezewa wiki moja mngeingia Msumbiji, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma."

Mama hakucheka. Tangu siku hiyo anairudia safari yote, mbele na nyuma, kama mtu aliyegundua kwamba suti nzima ameishona kwa vipimo vya mteja mwingine. Singida mvua ilipovuja mpaka kwenye godoro, ulisema, "Si mbaya." Naye akasema, "Si mbaya." Makambako, kwa ile baridi, mlilala na makoti na soksi, na asubuhi ukamuuliza, "Tuendelee?" Yeye, kwa kuogopa kukuvunja moyo, akajibu, "Wewe ndiye dereva." Sasa anajiuliza kama ulikuwa unauliza au unaomba. Hapo hapo Makambako ndipo ulipomtengenezea mama mmoja mashine yake ya kusaga, ukakataa malipo, akakupakilia gunia la viazi kwa nguvu. Mlikula viazi mpaka Songea. Mama havipendi viazi. Siku hizi, katikati ya maongezi mengine kabisa, anauliza, "Hivi na yeye alikuwa havipendi?"

Tunamtania, lakini tunaona jinsi anavyoumia. Mwaka ule ulikuwa wako wa mwisho na hakuna aliyejua. Ungeweza kuupitisha Bweri, kwenye kiti chako, upepo wa ziwa unakupiga, redio sikioni. Mama anaona ni yeye aliyekunyang'anya mwaka huo, tena kwa sababu ya pazia. Ndiyo maana mnunuzi alipofika na pesa zake mfukoni, Mama alishindwa kusema ndiyo, akashindwa kusema hapana, akamwambia arudi baada ya misa yako ya mwaka. Akiiuza anaona kama anakiri kwamba yote yalikuwa bure. Akiibakiza, anabakiza nini?

"Nikijua kwamba hata siku moja tu aliipenda," alimwambia shangazi, "nitapumzika."

Sisi watoto tulikimbilia picha. Tukamwonyesha: Baba huyu hapa Iringa, anacheka. Baba huyu hapa Mtwara, ameshika pweza kama anashika nyoka, anacheka.

"Na mimi hapo pembeni nacheka," alisema Mama. "Na mgongo unaniua."

Tukazificha simu zetu.

Aliyemfungua kidogo ni huyo huyo dada yako mcheshi. Walikuwa wanaosha masufuria ya kupikia wageni wa misa, akauliza tu, bila kumtazama.

"Wifi, mliporudi hapa Butiama, si nesi alikuwa ameshahama Bweri?"

"Alishahama."

"Na Fredi akaleta ufunguo."

"Akauleta siku ya pili tu."

"Mbona hamkwenda?"

Mama akaacha kusugua. Toka Butiama mpaka Bweri hata saa moja haiishi. Nyumba ilikuwa tupu, kitanda chenu kinawasubiri, na mlikaa kwenye Kosta wiki tatu nzima, uani kwa watu. Hakuna aliyewalazimisha. Akakumbuka asubuhi moja unanyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni cha gari, ukamuuliza, "Mama Fredi, tuhamie lini?" Akakujibu, "Mimi sina haraka." Na wewe, povu mdomoni, ukasema, "Na mimi sina."

"Hapo sikuwa namwonea huruma," Mama akasema polepole. "Wifi, kweli sikuwa na haraka. Nilikuwa nimezoea. Akikohoa nasikia, akigeuka najua amegeuka. Kule Bweri yeye alikuwaga na sebule yake, mimi na cherehani yangu chumba cha nyuma. Tulikuwa tunakutana kwenye ugali."

"Na yeye je?"

"Ndiyo hapo nimekwama. Yeye sijui."

Shangazi Wankyo akamchukulia sufuria mkononi, akalisugua yeye.

Jumamosi, baada ya misa yako, watu wakiwa wanakula, Mama alinyanyuka akaja kaburini. Shangazi akamfuata, maana unamjua, hapitwi na kitu. Ndiye aliyetusimulia. Anasema Mama alisimama wima, mikono imeshika kiuno, akaongea kwa sauti kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Baba Fredi, ile safari sikuitaka. Singida sikutaka, Makambako sikutaka, na vile viazi sikuvitaka hata kimoja. Zile wiki tatu za hapa nilizitaka. Nilizitaka sana. Ningekwambia wakati unanisikia."

Ndoa ya miaka arobaini na miwili, Baba, na shangazi anaapa hajawahi kumsikia Mama akikwambia anataka nini. Ulikuwa unabahatisha tu, maskini, na mara nyingi ulipatia.

Jioni ile ile Mama akampigia mnunuzi simu. Haiuzwi. Mtu wa watu akauliza kama anataka aongezewe pesa, Mama akasema, "Hapana baba, nataka gari langu." Akakata simu, akaitazama kidogo, kama vile ni mtu mwingine aliyeongea. Hajasema atalifanyia nini. Siku akitaka kwenda mahali atasema, ametuahidi, na sisi tumeahidi kumuuliza mara mbili.

Jibu lako bado hajalipata, na sisi hatuna la kumpa. Tunapenda kuamini kwamba asubuhi ile ya ndevu na wewe ulisema kweli. Ila kama ulikuwa unavumilia tu hata hizo wiki tatu, basi kwa heshima zote tunakuomba, Baba: hilo endelea kunyamaza nalo.

Anakukumbuka mkeo Consolata. Tunakukumbuka wanao Fredi na Stellah, wakwe zako na wajukuu. Dada yako Wankyo, ambaye kicheko chake siku hizi kinaishia katikati. Rafiki yako Muharami. Na majirani wa Bweri, Buhare na Butiama.

Siku zetu zote zilizobaki, tutakutaja.