Mume Wangu Amesusa Kiingereza kwa Sababu ya 'A' na 'The'

Shuruq, binti wewe, nani alikudanganya kwamba mume husahihishwa akiwa ameshika birika la kahawa? Wasomaji, isomeni kwanza barua yake. Mimi bado nahema.

*Bibi Fidda mpenzi, nishike mkono, nimeharibu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Akaba, na mume wangu Mutlaq, tumeshafungishwa nikahi ila arusi bado, anatembeza watalii jangwani Wadi Rum, Kiingereza chake alikiokota kwa watalii wenyewe na anakiongea kwa raha mpaka watu wanasahau baridi, ila Bibi, 'a' na 'the' zinamshinda, maana sisi kwa Kiarabu tumezoea kubandika 'al' kila mahali, basi naye anabandika 'the' kwenye maisha, kwenye subira, kwenye chai, na ile 'a' ya kitu ambacho msikilizaji bado hajakijua haitumii kabisa, na mwezi ujao ana mtihani wa kuongea wa leseni ya kuongoza wageni, na baba yangu ameshasema hakuna leseni hakuna arusi. Sasa juzi nilikuwa hemani kwao na mama yangu, Mutlaq anawamiminia wageni kahawa huku anawahadithia ngamia aliyeingia hemani akala mkate wote, akaanza na 'the', kana kwamba wote wanamjua, mgeni mmoja akauliza, "Ngamia yupi?", nikadakia, "Sema 'a', Mutlaq! 'A'! Hatujamjua bado!", akarudia, akakosea mahali pengine, nikamsahihisha tena, na mara ya tatu nikacheka, ndipo ami yake Auda akasema, "Ewe Mutlaq, mwachie bibie amimine na kahawa, wewe kaa chini ujifunze kusema!", hema zima likaangua kicheko, na Mutlaq akaweka birika chini, wageni wengine hawajapata, akatoka. Tangu hapo watalii anawaonyesha kwa vidole tu, na mtihani anasema haendi. Nikimwacha na makosa yake ataanguka, nikimsahihisha nampoteza. Nifanye nini?*

Haya, nimemaliza kuhema. Birika linawekwa chini na wageni hawajapata! Umri wote huu sijaliona hilo kwenye hema la mtu, na aliyelisababisha ni wewe. Auda naye, mtu mzima na mvi zake, badala ya kumsitiri mtoto wa nduguye anamtia chumvi kwenye kidonda. Wala Mutlaq asijione. Mwanamume mzima anasusa riziki yake kwa sababu ya kicheko?

Mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji, na silii. Shule walinitoa darasa la tatu nikachunge mbuzi. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea barua yako, nikamuuliza, "Hizo 'a' na 'the' ndizo zenye ugomvi wote huu?" Akanieleza. Nikamwambia, "Mbona ni kama wageni wetu tu!" Mtu akitokea jangwani ni mtu fulani, hatumuulizi jina wala kabila. Akishakunywa kahawa, ukisema mgeni, hema zima linajua ni nani. Basi ngamia naye aingie kwenye hadithi kama fulani, akishaingia ndiyo awe yule. Mweleze Mutlaq kwa mambo ya hemani, siyo ya ubaoni. Maisha na subira viacheni kwanza. Mkishafanya arusi mtavihitaji vyote viwili.

Na usikate tamaa. Mtu anayewasahaulisha wageni baridi kwa lugha ya kuokota hashindwi na vineno viwili. Kilichomfunga mdomo ni aibu, na ulimtia mbele za watu, basi ukamtoe mbele za watu hao hao.

Ijumaa nenda hemani na mama yako, Auda awepo. Mutlaq akikupa kahawa, weka kikombe chini usinywe mpaka upewe haja yako, kama wazee wetu wanavyofanya wakienda kuposa. Atakuuliza, "Una haja gani?" Jibu kwa sauti Auda asikie: "Nilikuvunjia heshima mbele ya wageni wako. Haja yangu unisamehe, na ukafanye mtihani." Watasema mwanamke hafanyi hivyo. Waambie Bibi Fidda ndiye kasema, mwenye neno aje huku kwangu Maan anikabili. Mutlaq hatakunyima, namjua mtu wa hema; hawezi kuangalia kahawa yake ikipoa mbele ya mgeni.

Kuanzia jioni hiyo mwombe hadithi moja ya Kiingereza kila siku, na mdomo wako uufunge mpaka aimalize. Ikimalizika, usimwambie kakosea. Muulize tu kama mgeni, "Ngamia yupi huyo?" Atarudi nyuma mwenyewe aitengeneze, na siku ya pili hutakuwa na haja ya kuuliza. Mwalimu mzima, hili nikufundishe mimi?

Baba yako nitazungumza naye mimi.

Sasa funga gazeti, mwambie mama yako atoe abaya yake nzuri. Na Mutlaq akitoka kwenye mtihani, mpe chakula, usimuulize kakosea wapi.