Ubavu wa Kushoto wa Mashua

Jumanne, Rajabu

Kiboko yule, Mungu atamlipa! Juzi alivunja ubavu wa kushoto wa mashua yetu, na jana dada yangu Zainabu akafika ng'ambo ya mto na wanawe, akikimbia vita vya Umatumbi. Tulisikia sauti yake tu. Chombo cha kumvushia hatuna.

Mume wangu Shomari ni fundi, lakini alishaharibu mbao mbili kwa kukisia mpindo. Leo umebaki ubao mmoja.

"Usikate," nikamwambia. "Tupime kwanza ubavu ulio mzima."

Tukavuta kamba katikati ya mashua, mbele hadi nyuma, tukapima kwa utete umbali kutoka kamba hadi ubavu wa kulia, hapa na pale. Vipimo tukavihamishia mchangani, tukavigeuza viwe vya upande wa kushoto, kila kimoja na kigingi chake. Nikaviunganisha kwa mistari iliyonyooka.

Shomari alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, hii mashua au sanduku? Pembe kila mahali!"

Akachukua ufito mbichi, akaupinda ukagusa vigingi vyote. Pembe zikapotea. Tukachora ubao kwa kuufuata, na ulipokatwa na kupigiliwa ukakaa sawasawa. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Kabla ya magharibi Zainabu alikuwa jikoni kwangu, watoto wakigombea ukoko. Nikamwuliza mumewe yuko wapi.

"Kabaki vitani," akasema, anatafuna. "Kanywa dawa. Risasi zitageuka maji."

Nikamwongezea wali. Nisiloweza kumwambia naliandika hapa: risasi hazigeuki maji.