Wimbo Ambao Kaka Hakuutunga

Mwenzangu, wifi amerudi! Yule aliyeapa hatakanyaga tena kwa kaka.

Amesikia muziki kwenye mchezo wa simu alioutengeneza kaka, ile milio yake ya tii-tii. Kaingia analia: “Kumbe bado unaukumbuka wimbo wetu wa uchumba!”

Wimbo wetu, mwenzangu! Mimi nipo hapo hapo, nimeganda.

Kaka wala hakushtuka. Akasema kama anayesoma tangazo: “Sikuutunga. Kompyuta ilikuwa inabahatisha noti za muziki, ikatoa vipande chungu nzima. Nikachukua kimoja.”

Wifi akafuta machozi. “Kwa nini hicho?”

Kaka akainamisha kichwa.

“Nakuuliza, kwa nini hicho?”

Kaka hajajibu mpaka sasa. Amekaa tu, mikono magotini. Wifi yuko chumbani, anapanga nguo zake kabatini.