Shukrani Tatu kwa Siku

Jumanne, 4 Juni

Nimemgeuza mume wangu, Baba Limi, saa kumi na moja alfajiri. Nimemgeuza tena saa moja. Mashuka mawili yamelowa, nimefua. Uji amekunywa nusu, nusu nyingine iko kwenye gauni langu.

Daftari la kanisa, leo siku ya nane. Mama Mchungaji aliagiza kila mwanamke wa umoja wetu aandike shukrani tatu kila siku mpaka Jumapili ya Mavuno, ili tujifunze kushukuru kwa kila jambo. Mimi ndiye katibu. Mimi ndiye niliyewagawia wenzangu madaftari. Nimejitia kitanzi mwenyewe.

Leo nimeandika: uzima, jua, sabuni. Ya kweli ni sabuni.

Alhamisi, 6 Juni

Miezi minne tangu kiharusi kimwangushe mume wangu pale mlangoni, akienda kuangalia ng'ombe. Upande wa kulia umekufa. Maneno hayatoki. Jicho la kushoto linanifuata humu ndani siku nzima, na sijui linasema nini.

Pamba imepasuka shamba zima. Nimechuma mistari miwili nikarudi mbio kumgeuza. Upepo ukiendelea hivi vumbi litaingia, pamba safi itakuwa fifi, ya daraja la chini. Sina mikono mingine.

Shukrani: uzima, jua, pamba. Nimenakili za Jumanne nikabadilisha moja.

Jumapili, 9 Juni

Jirani amekaa na mgonjwa, nikawahi ibada. Mchungaji ametangaza majina ya Jumapili ya Mavuno, tarehe 23. Atakayetoa shukrani kwa niaba ya wanawake wote ni Mama Limi. Ni mimi huyo. Makofi, vigelegele. Amesema mtu anayeshukuru katikati ya jaribu atawainua wengi.

Hakuniuliza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Sina shukrani mimi. Nina uchovu. Nitasimama pale mbele na nini?

Jambo jingine, nalisema hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu. Wanaokuja kumwona mgonjwa wanamshukuru Mungu. Wanamshukuru daktari wa Bariadi. Wanamshukuru Mchungaji kwa maombi. Mimi nawapa viti, nawapikia chai, nawasindikiza. Hajatokea hata mmoja wa kunishukuru mimi. Naona aibu kuandika hivi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na sita. Lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 12 Juni

Wifi Nyamizi, dada mkubwa wa mume wangu, ameshuka leo kutoka Mwanhuzi. Kikapu, fimbo, kuku mmoja, na mdomo. Nilipiga goti nikamwamkia kama inavyopasa. Aliitikia huku akiangalia juu ya kichwa changu. Hajaokoka huyu, na hana mpango.

Amekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda mpaka jioni. Anaangalia tu. Nikiosha, anaangalia. Nikilisha, anaangalia. Alichosema ni kimoja, kwamba uji ni mwepesi.

Shukrani: uzima, jua, mgeni. Mungu anisamehe kwa hiyo ya tatu.

Ijumaa, 14 Juni

Ugomvi. Wifi anataka mdogo wake apelekwe Meatu kwa mganga anayemjua. Anasema hiki si kiharusi, ni wazee waliolala wamechukia, maana tangu aokoke hajawakumbuka kwa lolote. Nikasema mume wangu haendi popote. Nilisema kwa sauti mbaya. Nikaongeza kwamba kama amekuja kusaidia, mashuka yako nje, akafue.

Mwanamke wa umri wake! Jamani, mdomo wangu. Alitoka akakaa kando ya ghala la mahindi. Tangu hapo hatusemezani.

Baba Limi alisikia yote. Machozi yalimtoka jicho moja. Sijui alikuwa upande wa nani.

Jumatatu, 17 Juni

Kidonda. Nimekiona nikimwosha, mgongoni, karibu na kiuno, ukubwa wa kizibo cha soda. Miezi minne namgeuza mtu huyu, na wiki iliyopita nilipitiwa na usingizi mchana mara mbili. Basi, kidonda hicho.

Nimesafisha kwa maji ya chumvi kama nesi alivyonifundisha. Kisha nilikaa sakafuni nikalia. Si kwa huruma. Kwa hasira.

Daftari sikuligusa.

Jumanne, 18 Juni

Sikuligusa.

Alhamisi, 20 Juni

Nimefanya ubaya leo.

Alikataa uji. Alibana meno kama mtoto mtukutu. Nikamsukumia kijiko kwa nguvu, mdomo ukatoka damu kidogo. Nikamwambia kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, kwamba nimechoka naye, na Mungu achague moja, amponye au amchukue. Nilipogeuka Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Akachukua bakuli mkononi mwangu, akarudi nalo mlangoni.

Nilimfuta mdomo. Nikamgeuza. Sasa habari zangu zitafika Meatu nzima.

Mchana nilikwenda kwa Mama Mchungaji, nikamwomba anitoe kwenye ratiba ya Jumapili. Nilisema sina la kushukuru. Kijiko sikukitaja, niliogopa. Alinishika mkono akasema shukrani si hisia, ni utii, nisimame tu na maneno yatakuja. Ni mama mwema. Ila usiku yeye analala.

Jumamosi, 22 Juni

Nimejaribu kuandika ya kesho. "Namshukuru Mungu kwa kumwinua mume wangu." Hajainuka. "Namshukuru kwa kunitia nguvu." Nguvu zipi? Nimefuta.

Binti yetu Limi amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Dar. Anasema, mama, shukuru kwa uzima, si ndivyo kila mtu anavyosema? Kweli. Kila mtu. Nami nimesema hivyo karibu mwezi mzima, na kila nikiandika neno hilo moyo unazidi kukauka.

Nikidanganya mbele ya madhabahu kesho, sidhani kama nitaweza kusali tena. Nikisema kweli, nitamwaibisha mume wangu, mzee wa kanisa wa miaka yote hii. Nimezunguka na hilo tangu asubuhi. Kichwa kinauma.

Wifi ameuliza ibada inaanza saa ngapi. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa ile. Anatafuta nini kanisani? Labda anataka kuniona nikiaibika.

Jumapili, 23 Juni

Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Mbele kulijaa. Magunia ya mahindi, mtama, maboga, michembe ya viazi vilivyokaushwa kwenye ungo, kuku waliofungwa miguu, mbuzi mmoja aliyelia wakati wote wa nyimbo. Mgonjwa alibaki na jirani, na Wifi alikaa benchi la mwisho na fimbo yake.

Nikaitwa. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitika. Halafu maneno hayakuja. Nilisubiri kama nilivyoahidiwa. Hayakuja.

Basi nikasema kweli. Nikasema mimi niliyewagawia madaftari, daftari langu nimelijaza maneno ambayo simo ndani yake. Nimechoka. Alhamisi nilimtoa mume wangu damu kwa kijiko. Nimetafuta shukrani ndani yangu sikuiona. Nikasema kama tunavyomwombea mtu asiyeweza kuomba, naomba mwenye shukrani asimame ashukuru badala yangu.

Hakuna aliyesimama. Mbuzi tu ndiye aliyelia. Nilimwona Mama Mchungaji anafungua kitabu cha nyimbo atafute wimbo wa kunifunika.

Wifi Nyamizi akasimama. Kwetu mtu hasimami hivi hivi, lazima awe kwenye ratiba, na asiyeokoka ndiyo kabisa. Yeye hakujua, au alijua na hakujali. Alikuja na fimbo yake, akapita katikati ya magunia, akasimama mbele yangu. Alisema kwa Kisukuma. Alimwita Mungu kwa jina la zamani, lile la bibi zetu, kisha akamwita baba yake na babu yake kwa majina, humo humo kanisani. Wazee wakakohoa. Mchungaji alifumba macho.

Alisema alitoka Mwanhuzi kuja kuona mdogo wake alivyoachwa aoze. Alisema amekaa kwenye kigoda siku zote hizi akitafuta kosa. Kamkuta msafi. Kucha zimekatwa. Masikio yameoshwa. Alisema, "Huyu mwanamke anakula amesimama, sijamwona akikaa." Alisema, "Alhamisi nilimwona amekasirika, na baada ya hasira nikamwona anamfuta mdogo wangu mdomo na kumgeuza, na mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nisingeweza." Akawageukia watu. Akawauliza, mnashukuru mahindi, huyu hamumwoni?

Kisha akaniambia wabeja, mayu. Asante, mama. Yeye mkubwa, mimi mdogo. Akashika viganja vyangu, akavipulizia mate kidogo, kama wakubwa wanavyobariki kwetu nyumbani. Mbele ya madhabahu.

Nililia kwa sauti. Sikuona haya. Hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele. Mchungaji akasema amina, moja tu, akaendelea na ibada.

Tukitoka nilimsikia mzee mmoja akilalamika juu ya mate. Alalamike.

Jumanne, 25 Juni

Jana nilimwomba Baba Limi radhi kwa kijiko. Alinitazama, akafumba jicho, akafumbua. Sijui maana yake. Nimepokea hivyo hivyo.

Kidonda hakijapona. Wifi bado anamtaja mganga wake, nami bado nakataa, ila sasa tunakataliana tukimenya viazi. Anamwosha mdogo wake asubuhi. Anamsugua kwa nguvu mno, nimemwambia, hasikii.

Leo nimekaa shambani kutwa, mara ya kwanza tangu Februari. Pamba nyingi imeshakuwa fifi. Nimechuma safi iliyobaki, nikaiweka peke yake. Jua likapanda, nikala nimekaa chini, viazi na maji. Nikagundua kwamba tangu asubuhi sijamwaza mgonjwa hata mara moja. Nilishtuka. Halafu sikushtuka tena.

Nikasema asante. Kwa sauti, peke yangu, kwenye mistari ya pamba. Sikutaja ni ya nini, na sikutafuta ya pili. Nilikaa kidogo zaidi, kisha nikarudi kuchuma.