Maua Yana Dawa

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, jambo lenyewe nimelileta kwa mikono yangu. Mimi ni fundi cherehani, nyuma ya nyumba nimepanda waridi, maboga na rozela, maua yake tunayala, ya maboga nakaanga na vitunguu, ya rozela nakausha kivulini kwa chai, na kwa kuwa naandika shajara nitakupa tarehe kamili. Tarehe 4 majirani walichuma mawaridi yote, nikasimika kibao, MAUA YANA DAWA, yaani nimepuliza sumu ya wadudu, ambayo sijawahi kupuliza, nilitaka tu wayaogope, na waliyaogopa. Tarehe 9 akaja mama mkwe kukaa nasi, ana presha, akasoma kibao akasema, "Kumbe mkwe wangu ni mganga," akaanza chai ya rozela asubuhi na jioni, nami sikumsahihisha, maana kwa miaka sita ya ndoa hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza kwangu, na sasa ananiita mwanangu. Tarehe 27 nikifagia chumbani kwake nikakuta vidonge vyake vya presha vya wiki mbili ndani ya soksi. Nikamuuliza. "Vya nini, mwanangu, na dawa umenipandia?" Nikimweleza maana ya kibao, atasema nilimtazama akinywa sumu siku kumi na nane. Nisipomweleza, ataanguka. Mume wangu anasema tusubiri tuone.

Fundi mwenye shajara

Fundi,

Pole, ila nusu ya pole hiyo ni ya mama mkwe wako. Umeandika tarehe zote isipokuwa ya kusema kweli. Chai ya rozela ni nzuri, na huenda ikashusha presha kidogo. Kidogo, mama. Haichukui nafasi ya kidonge. Na mumeo anataka kuona nini? Presha haipigi hodi.

Ukimaliza kusoma hapa, chemsha chai, unywe kikombe kizima mbele ya mama mkwe, kisha umwambie: sumu haikuwapo, uongo ulikuwapo, na walengwa walikuwa majirani. Mpeleke kliniki leo hii, vidonge vya soksini mwende navyo. Daktari ndiye aseme aanze vipi tena, na kama chai iendelee. Usimpangie wewe, wala mumeo.

Atakununia, pengine mwezi mzima. Mvumilie. Anayenuna anapumua.