Shandelia ya Mlangoni kwa Mama

Kasulu, 3 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mwakeye kwa Kiha chetu! Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu juzi natembea nacheka peke yangu, hata wanafunzi wangu wananishangaa. Nimepata taa ya ukumbi wa mlangoni wa nyumba yako mpya! Ni shandelia, Mama, ya kuning'inia, ngazi tatu za vioo, ikiwashwa ukuta mzima unametameta. Kwa kuwa simu yako ya tochi haipokei picha, nimeitoa studio, hii hapa ndani ya bahasha. Nimepima mwenyewe: dari futi tisa, taa futi mbili na nusu. Nikisimama chini yake hainigusi hata nywele. Hilali wa duka ananiwekea mpaka wiki ijayo. Sema ndiyo tu!

Mwanao,
Nickson

Kibondo, 8 Juni 2024

Mwanangu Nickson,

Marahaba. Magoti yananisumbua asubuhi tu, namshukuru Mungu. Unakula vizuri lakini? Picha nimeiona, nikapiga kigelegele mpaka fundi rangi akashuka kwenye ngazi kuuliza kuna nini. Nzuri mno! Lakini hapana.

Umepima mtu, ukasahau kapu. Kwetu mgeni mwanamke anaingia na kapu lake kichwani, na mwenye nyumba ndiye anayemtua, ndani. Mama yako Mkubwa Niyonsaba ametuma mtu kusema atakuja kutoka Mabamba siku ya kuingia nyumba mpya. Unajua kwa nini hatujasemezana miaka minne. Kwenye msiba wa Babu yako nilihangaika na wageni, nikamwacha uani na kapu kichwani mpaka akageuka akaenda zake. Sikumtua dada yangu. Leo aje agongwe na taa yangu mlangoni? Hatakanyaga tena kwangu. Tafuta fupi, na upime na kapu.

Mama yako

Kasulu, 12 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeona aibu, halafu nikacheka sana. Nimeazima kapu kwa Anifa wa genge la mboga, lile lenye mfuniko mrefu uliochongoka, nikajitwika na kuingia dukani. Watu waliacha kununua! Nikapita chini ya kila taa, Hilali ameshika futi. Tatu zimenigonga. Moja imepita: ya duara, imebana darini, vioo vyake vifupi vimesongamana kama punje za muhindi. Mama, ikiwaka! Nakuja nayo Jumamosi nimeipakata, kwenye buti siiweki.

Mwanao,
Nickson

Kibondo, 1 Julai 2024

Mwanangu,

U mzima? Mitihani ya watoto inaendaje? Najua iliuma kuikosa sherehe jana, basi nikusimulie.

Mama yako Mkubwa alikuja saa nne asubuhi. Alipita mlangoni wima, kapu halikugusa kitu, akasimama chini ya taa. Nilitaka kumtua, nikaogopa atanikatalia mbele za watu. Hapo jirani yetu Kuruthumu akawasha swichi. Vigelegele! "Jamani, tazameni juu!" Kila mtu akanyanyua uso. Yeye hakuweza, mwenye kapu kichwani anatazamaje juu? Nikamwona macho yanahangaika.

Akasema, "Josepha, nitue basi, mdogo wangu, na mimi niione."

Nimemtua, Nickson. Kapu zito la maharage, nimelishika huku nalia, naye ananicheka, machozi yanamtoka.

Hajaondoka. Sasa hivi yuko ukumbini anawasha na kuzima, anawasha na kuzima. Nimemkataza, hasikii.

Mama yako