Si Mimi Niliyewafungulia, Baba

Baba,

Asalamu alaikum, wewe na majirani zako wa huko mlikolala. Nakuandikia kwa haraka, kwa sababu habari hii ulikuwa na haki ya kuisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na wewe ndiye uliyeikosa. Wamesema si mimi. Wamelisema mbele ya watu, kwa kipaza sauti, na barua yenye muhuri ninayo hapa.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana hukupenda habari inayoanzia katikati.

Unaikumbuka asubuhi nilipokupigia simu dukani kukwambia kompyuta za ofisi zimezima? Ulikuwa umeifungua redio ya mtu, ukadhani ni umeme. Haukuwa umeme. Kila ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo nchini ilikuwa vivyo hivyo, kioo cheusi na maandishi mekundu. Watu waliotaka vyeti vya watoto tuliwarudisha. Siku ya tano wakaja maofisa watatu kutoka Nairobi, wakasema wadukuzi wameingia kwa neno la siri la Esha, karani wa dirisha la pili. Nikasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Hukuniuliza kama nilifanya. Uliniuliza kama nimekula.

Ilipofika Ijumaa, mtaa mzima wa Mkomani ulikuwa unajua. Wapo waliosema nimefungua barua pepe ya kijinga. Wapo waliosema nimelipwa kuiuza nchi. "Ameuza nti kwa wageni," nilimsikia mtu akisema, nyuma ya ukuta wetu, wala hakushusha sauti. Bi Rukia wa nyumba ya pili akaacha kutuletea mahamri. Wewe ukawa unafunga duka kila siku saa nne, unanichukua sokoni kana kwamba wewe peke yako huwezi kuchagua samaki. Nikitazama chini, unaninong'oneza, "Inua mato, mwanangu. Huinama aloangusha kitu."

Mwezi wa nne wa kesi yangu moyo wako ukachoka. Walipokutoa nyumbani nilisimama kwenye ngazi nikiwaza jambo la aibu: kwamba unakwenda huku watu wakikuita baba wa msaliti. Nisamehe. Siku ile nilipaswa kukuwaza wewe, nikajiwaza mimi.

Baada ya arobaini yako akaja Bi Mutheu. Humjui. Ni mpelelezi wa polisi, mtu wa Machakos, wamemleta kuiangalia kesi upya. Nilidhani amekuja kunikamata. Akavua viatu mlangoni, akampa Mama pole, akakaa mkekani akanywa chai. Kisha akasema, "Niambie siku hiyo yote, kuanzia ulipoamka."

Wale watatu hawakuwahi kuniuliza hivyo. Wao waliuliza nani amenituma.

Nikamwambia. Siku waliyosema nimewaingiza wadukuzi, saa saba mchana, sikuwepo ofisini kabisa. Nilikuwa nimekwenda Pate kuandikisha watoto, na saa saba nilikuwa ndani ya boti ya abiria kutoka Mtangawanda, nimebeba daftari lililolowa maji ya chumvi.

"Kwa nini hukuwaambia wenzangu?"

"Niliwaambia. Hawakuandika."

Yeye akaandika.

Kesho yake alipanda boti mwenyewe hadi Mtangawanda. Nahodha ana kitabu cha abiria, na jina langu limo, na namba ya kitambulisho, na saa tuliyoondoka. Kutoka hapo Bi Mutheu akarudi nyuma, kama wewe ulivyokuwa ukiufuata waya mpaka unapofika penye kutu. Akakuta wezi walikuwa wameingia makao makuu miezi mingi kabla, kupitia mtambo wa zamani uliosahauliwa, wakachukua maneno ya siri ya makarani wote. Langu lilitokea tu kuwa la kwanza kutumiwa. Wala hawakuwa vijana wanaotafuta pesa. Walikuwa watu wa mshahara, wanaotumwa na serikali ya nchi nyingine, na walichotaka ni kutujua: nani kazaliwa wapi, na ni mtoto wa nani.

Serikali yetu ikaitaja nchi hiyo redioni. Najua ungeongeza sauti mpaka Mama alalamike.

Hapo watu wakawaka. Kwa kinyozi walikuwa wanasema nasi tuwazimie mitambo yao, mpaka ya hospitali zao. Mimi niliyasikia nikipita njiani, nikawawaza watu wa huko. Huko nako, Baba, yuko karani kwenye dirisha. Yuko mama aliyempakata mtoto wa siku kumi, anangoja.

Jumatano iliyopita wakaitisha mkutano ukumbini. Mkubwa wa idara akasoma barua na kuniomba radhi. Kisha Bi Mutheu akanipa kipaza sauti, nami sikuwa nimejiandaa. Nikasema aliyetupiga atajwe kwa ushahidi, afikishwe mbele ya mataifa mengine, alipe. Lakini tusimwonee mgonjwa wake kwa ajili yake. Na sisi tuambiwe ukweli siku ya kwanza, siyo baada ya miezi. Penye ufa pazibwe. Vitabu vya karatasi visichomwe kwa sababu kompyuta zimeletwa. Na jambo la kwanza lisiwe kumtafuta karani wa kumwangushia lawama. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kweli hiyo," ikanitosha.

Jioni Bi Rukia akaja na sahani iliyofunikwa. "Esha," akasema, "mimi sikukusema. Lakini nilinyamaa, na kunyamaa kwangu kulisema." Sijui kama nimeshamsamehe. Mahamri nilikula manne.

Nalala sasa, Baba. Nalala mpaka Mama anakuja kuniamsha kwa hofu. Nimekuwa nikicheka ovyo, hata mambo yasiyochekesha, na juzi nililia sokoni kwa sababu muuza ndimu alinisalimia kwa jina.

Jumatatu nilirudi kazini. Ila kabla ya kukaa kwenye kiti changu nilizunguka nikasimama upande wa wateja, kwenye foleni, kwa sababu kuna kazi nilikuwa nimeikimbia. Kibali cha maziko yako tulikipata kwa naibu wa chifu, lakini cheti chako sikukiomba. Sikuweza kusimama mbele ya dirisha lile watu wakinitazama. Mwenzangu Kamau akaniuliza maswali yote kwa sauti ya chini. Jina. Umri. Kazi: fundi wa redio. Akafika mahali pa mtoa habari, akangoja.

"Andika Esha," nikasema. "Bintiye."

Nimekubali kuwafundisha makarani wa visiwa vyote kulinda maneno yao ya siri. Nakuahidi hivi: siku watakayotupiga tena, na watatupiga, karani yeyote atakayeshukiwa nitamwuliza kwanza kama amekula. Baadaye ndipo tutaitafuta kutu.

Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Pumzika, Baba. Jina lako limeandikwa vizuri, nimelisoma mara mbili.

Binti yako,
Esha